Uwanja wa ngoma Kibaoni uwe wa duara

Mpunga ukishavunwa, bonde la Kilombero hupata nafasi ya kupumua, na huo ndio msimu wa ngoma. Mahali pa kuchezea ndipo hapapo. Bibi anayeijua sangula ya Wapogoro tangu usichana wake hawezi kwenda ukumbini saa nne za usiku, alipe kiingilio, kisha akae nyuma ya spika. Mjukuu naye atajifunza kwa nani? Wazee wamebaki na ngoma yao, vijana na singeli yao.

Kumbi zetu zinachangia sana. Jukwaa liko upande mmoja, viti vya plastiki vinalitazama, basi wachache wanacheza na wengine wanaangalia. Katika duara, anayepiga makofi ukingoni naye yumo ngomani. Akijisikia, anaingia katikati hatua tatu na kurudi. Kwa mwenye goti bovu, hizo zinatosha.

Tunaiomba Halmashauri ya Mji wa Ifakara itenge kiwanja Kibaoni kwa kazi hii. Kiinuliwe kwa kifusi, maana mafuriko ya Mto Lumemo tunayajua. Juu yake ushindiliwe udongo, kwani saruji inaumiza visigino. Miembe ipandwe upande wa magharibi kuzuia jua la alasiri. Mabenchi ya mbele, yenye egemeo, yawe ya wazee, na vyoo visiwe na ngazi.

Pawepo pia mahali pa kuwashia moto, jambo ambalo wachora ramani hulisahau. Ngozi ya ngoma ikilegea huwambwa upya kwa joto: mpigaji anaisogeza kwenye moto wa majani makavu, anaigonga kwa vidole, anasikiliza, anairudisha tena mpaka ilie anavyotaka. Kijana anayechochea moto huo anajifunza sauti ya ngoma kabla hajaishika. Chini ya dari ya ukumbi, somo hilo halifanyiki.

Wasukuma wana la kutufundisha. Katika sherehe za Bulabo kule Bujora, karibu na Mwanza, makundi ya Bagika na Bagalu hucheza kwa wakati mmoja, na mshindi ni aliyevuta watu wengi zaidi. Watazamaji wanahama kwa miguu yao kutoka kundi hadi kundi, wakubwa kwa watoto. Kwa hiyo uwanja wetu nao uwe na nafasi ya duara mbili, sangula huku na singeli kule, bila ukuta katikati. Vijana wasiambiwe waache muziki wao mlangoni.

Ngoma zianze saa tisa alasiri, kiingilio kisiwepo, na pombe isiuzwe humo. Na kabla fundi hajapiga mambo, wapigaji ngoma wazee na vijana wa singeli waitwe pamoja pale kiwanjani, waoneshe wenyewe duara zao zinataka upana gani.