Daftari la fundi liko kwa nani?

Nimekuwa kimya wiki mbili, nilikuwa nyumbani Tabora nikila maembe na kugombana na fundi bomba. Kuhusu maembe sina la kusema, utamu wake ni uleule. Leo nataka tuzungumze kuhusu fundi.

Kisa chenyewe ni kifupi. Nyumba ya mama iko Isevya. Boya la simtanki lilikufa, kwa hiyo kila usiku maji yakija tanki linafurika na kuteremka ukutani hadi stoo. Mama akaita fundi. Fundi akaja, akapima, akaandika, akachukua advansi ya elfu ishirini, akasema kesho asubuhi. Kesho asubuhi hakuja. Siku ya nne mama akampigia. "Shikamoo mama. Samahani, ni mama wa wapi vile?" Akaelekezwa upya. Akaja na boya la nusu inchi wakati bomba letu ni la robo tatu. Akaondoka kwenda kubadilisha. Alipopigiwa tena, akauliza: "Ni ile kazi ya choo kuziba?" Mama akakata simu. Usiku ule plasta ya stoo ikaanguka, na gunia la mchele lililokuwa chini likalowa nusu.

Asubuhi nikamfuata kijiweni kwake. Wadau, nawaambia ukweli, nilikwenda kumtafuta mwizi. Nilishaandika kichwa cha habari moyoni. Nikakuta kijana wa rika langu, mpole, kasomea ufundi chuoni, mikono imejaa gundi ya mabomba, simu yake inaita kila baada ya dakika mbili. Nikamuuliza kwa ukali, kazi ya Isevya umeiandika wapi? Akanipa vitu viwili.

Cha kwanza ni simu. Ndani yake kuna "Mama Bomba", "Mama Bomba 2", "Mama Tanki", "Bosi Cheyo", "Mteja Mpya" na, sitanii, "Mteja Mpya Mpya". Cha pili ni daftari la kurasa tisini na sita. Nikalifungua. Ukurasa wa katikati umeandikwa kwa mwandiko mzuri tu: robo tatu, boya moja, elbo mbili, advansi 20,000. Ilikuwa kazi yetu! Kipimo sahihi, hesabu sahihi. Hakuna jina. Hakuna siku. Hakuna mtaa.

Yaani jamaa alikuwa na wateja wasio na kazi ndani ya simu, na kazi zisizo na wateja ndani ya daftari. Kati ya hivyo viwili palikuwa na kichwa chake tu, na kichwa cha mtu anayepigiwa simu arobaini kwa siku hakiwezi kuwa daraja.

Sasa nyie mnaopenda kusema "mafundi wote waongo, ndivyo walivyoumbwa", naomba mkae kitako kidogo. Waongo wapo, hata magazetini tunao. Lakini sehemu kubwa ya uongo mnaoulalamikia ni usahaulifu uliovaa koti la ahadi. Anayesema "niko njiani" mara nyingi hajui hata ni njia ipi. Dawa ya hilo si mahubiri kuhusu uaminifu. Dawa ni kuandika jina la mteja na kazi ya mteja mahali pamoja.

Huko Amerika ya Kaskazini ugonjwa huuhuu umewapa watu utajiri. Kampuni ya Jobber ilianzishwa mjini Edmonton, Canada, mwaka 2011. ServiceTitan ya Marekani ilianzishwa na vijana wawili, Ara Mahdessian na Vahe Kuzoyan, ambao wazazi wao walikuwa watu wa kazi za ufundi, na Desemba 2024 hisa zake zikaanza kuuzwa kwenye soko la Nasdaq. Ukizivua programu hizo nguo zote za mapambo, utakuta wazo moja ambalo bibi yako angelielewa. Mteja ana ukurasa wake. Chini ya jina lake zimepangwa kazi zake zote: aliita lini, alilalamikia nini, nani alikwenda, kiliwekwa kifaa gani, kalipa kiasi gani, kabakiza kiasi gani. Simu ikiita, ukurasa unafunguka. Fundi hamuulizi mtu "ni mama wa wapi vile".

Kabla ya hapo nao walikuwa kama sisi. Programu moja ya kutunza wateja, nyingine ya kupanga kazi, na binti wa ofisini anahamisha majina kwa mkono kutoka huku kwenda kule. Nasema hivi kwa sababu kuna vijana wenzangu wa kompyuta hapa Bongo wanaotaka kutuletea kosa hilohilo kama vile ni maendeleo. Huyu anauza programu ya wateja, yule anauza programu ya kazi, na fundi anaambiwa anunue zote mbili. Ndugu zangu, hapo mmemuuzia simu na daftari vilevile, kwa bei kubwa zaidi.

Lakini hilo silo linalonikosesha usingizi. Linalonikosesha usingizi ni historia ya mji wetu.

Burton na Speke walipofika mwaka 1857 waliuita Kazeh. Njia ya misafara ilitoka Bagamoyo, ikapita Ugogo, ikafika Unyanyembe, ikaendelea hadi Ujiji. Shuleni tumefundishwa kuwa Wanyamwezi walikuwa wapagazi. Ni nusu ya ukweli. Wanyamwezi walikuwa wanapeleka misafara yao wenyewe pwani kabla Waarabu hawajajenga Tabora. Walijua njia, walijua visima, walijua bei. Baadaye biashara ile ya pembe na ya watu ikaja kutawaliwa na mikopo ya Unguja. Nguo, shanga na nyaya za shaba zilitolewa kwa mkopo na matajiri kama Tharia Topan, ambaye ndiye aliyemkopesha Tippu Tip. Nani kachukua nini, kaenda wapi, anadaiwa pembe ngapi: yote hayo yalikuwa kwenye vitabu vya Unguja. Mzigo ulikuwa juu ya kichwa cha Mnyamwezi. Daftari lilikuwa pwani. Sihitaji kuwaeleza faida ilibaki wapi.

Na mzigo ukitenganishwa na mwenyewe, yanatokea ya Livingstone. Mwaka 1871 alifika Ujiji akiwa hoi, akitegemea bidhaa alizotumiwa kutoka Unguja. Akakuta aliyekabidhiwa ameshaziuza zote, na utetezi wake ni kwamba alipiga ramli ikamwambia mwenye mali amekufa. Nikikumbuka ile simu ya "choo kuziba" nacheka kwa uchungu. Mama yangu naye alishakufa katika ramli ya fundi wetu.

Sasa tazama yanayokuja. Nairobi na Dar tayari kuna programu za kumuunganisha mwenye nyumba na fundi. Unabonyeza, fundi anakuja. Ni nzuri, nami nimewahi kuzitumia. Lakini angalia jinsi nyingi zilivyojengwa: jina la mteja, namba yake na historia ya nyumba yake vinabaki kwa mwenye programu. Fundi anapewa kazi ya leo tu. Akimaliza, mlango unafungwa. Kesho kazi ya nyumba ileile inaweza kwenda kwa mwingine, na yeye aliyefunga bomba lile hatajua. Si ndiyo msafara uleule jamani? Mzigo kwa mpagazi, daftari kwa tajiri.

Tabora hawajafika kwa nguvu bado. Lakini maji ya Ziwa Victoria yameshafika Tabora, Nzega na Igunga, na nyumba ambazo zamani ziliishi kwa kisima na ndoo sasa zina koki, masinki na simtanki. Reli ya kisasa inajengwa kuja huku. Kazi za fundi bomba, fundi umeme na fundi friji zitaongezeka tu. Swali ni moja: orodha ya wateja hao wote itakuwa mkononi mwa nani?

Nilimwambia yule kijana maneno haya, naye akanijibu. Nawaandikia majibu yake kwa sababu si ya kijinga.

Kwanza alisema akiandika kila kitu, watu wa kodi watamfilisi. Nikamwambia asiye na kumbukumbu hana cha kumwonyesha afisa anapokadiriwa. Atakadiriwa kwa macho, na kijiwe chenye foleni ya wateja kinaonekana kina hela hata kama nusu yao hawajalipa.

Hapo akaruka. "Kaka, unajua wangapi hawajalipa?" Akaanza kunitajia. Mabosi wenye magari wanaomwambia "nitakurushia jioni", na jioni haifiki. Kumbe sisi wateja ndio waongo pia! Na hatuna wa kutuumbua kwa sababu deni letu limeandikwa kwenye ukurasa usio na jina. Daftari moja linamlinda mama yangu, lakini linamlinda fundi zaidi.

Pili akasema anaogopa saidia fundi wake ataiba wateja. Kweli inawezekana. Lakini leo hii saidia fundi akiondoka anaondoka na kila kitu, kwa sababu yeye ndiye anayekumbuka nyumba. Kilichoandikwa kinabaki kijiweni.

Na mimi nikaongeza la tatu ambalo hakulisema. Daftari lenye majina, namba za simu na nyumba za watu, tena linaloonyesha nani anaishi peke yake na funguo huachwa wapi, ni kitu cha hatari. Tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022. Lisiachwe juu ya benchi. Na funguo za mtu haziandikwi.

Je, fundi wa Isevya akanunue zile programu za Canada na Marekani? Hapana, si leo. Zinalipiwa kwa dola kila mwezi na zimetengenezwa kwa kampuni zenye magari na wapokea simu. Tangu operesheni ya anwani za makazi ya 2022 nyumba zetu zina namba, lakini fundi bado anaelekezwa kwa mwembe na duka la mangi. Vijana wa kompyuta, mkitaka kutengeneza kitu, tengenezeni chenye nafasi ya mwembe, kinachofanya kazi bila mtandao, na kinachomruhusu fundi kuondoka na orodha yake siku akiwachoka. Hilo la mwisho ndilo kipimo cha nia yenu.

Kwa sasa daftari lilelile linatosha. Tulikaa pale nikamchorea. Kila mteja ukurasa wake, juu kabisa namba ya simu, maana majina yanafanana lakini namba hazifanani. Kisha jina, mtaa, mwembe. Chini yake mistari: tarehe, shida, vipimo, advansi, salio, siku ya kurudi. Kwenye simu jina la mteja linaanza na namba ya ukurasa. "14 Mama Isevya". Basi. Simu ikiita, anafungua ukurasa wa 14. Kabla ya mvua za Novemba anapitia kurasa zake na kuwapigia wote wenye mifereji ya bati. Hiyo ni kazi ambayo hakuna aliyemwita, ameiita mwenyewe.

Boya la robo tatu lilifungwa jioni ileile. Mama alimpa chai, lakini hajamsamehe mchele wake.

Nimerudi mjini jana. Leo asubuhi nimepigiwa simu na namba ya Tabora. "Kaka, mama alisema tanki la jirani nalo linavuja. Nimeshamwandika, ukurasa wa 31."

Nyie wengine, mafundi wenu wamewaandika ukurasa wa ngapi? Na nyie mnaowadai "uaminifu", mmeshalipa salio?