Wataalamu wa Mifugo Wasikilizwe Bungeni

Rai yetu ni kwamba wataalamu wa maradhi ya wanyama hawana budi kufika mbele ya watunga sheria na kuwabainishia, kwa hoja na subira, faida ya utafiti ufanywao kwa wanyama, na watunga sheria nao yawapasa kuwasikiliza kwa ajili ya wafugaji wa wilaya za Karagwe na Kyerwa, Tanzania.

Mwishoni mwa karne ya 19 sotoka iliteketeza ng'ombe wa dola ya kale ya Karagwe, waliokuwa mali na fahari yake. Na maradhi hayo, yaliyotangazwa kutoweka duniani mwaka 2011, yasingalitoweka pasipo chanjo ya mtafiti Walter Plowright wa kituo cha utafiti cha Muguga, Kenya, iliyojaribiwa kwanza kwa ng'ombe wenyewe. Ndigana kali, iletwayo na kupe na kuua ndama hadi leo, ina chanjo iliyotokana na Muguga vilevile, ambayo haipatikani ila kwa kuambukiza ng'ombe, kuwalisha kupe damu yao, kisha kuwalisha kupe hao juu ya sungura ili vimelea vilivyomo ndani yao vikomae.

Huruma kwa mnyama ni faradhi, na Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya Tanzania ya mwaka 2008 imekwisha kuiamrisha. Lakini kumwacha ndama afe kwa maradhi yenye dawa hatukuhesabu kuwa huruma.

Wenye dhamana ya sheria na fedha za umma na wawaite wataalamu hawa, wakague maabara zao, na wazitengee fungu la kutosha.