Soko Lisituchagulie Prosesa

Mmeshaisikia hoja ya wenzetu: mfumo endeshi mdogo uhamishiwe x86 na ARM, kisha RISC-V, na prosesa nyingine ziachwe kwa kukosa watumiaji. Hoja hiyo ina nguzo tatu. Zipimeni nami moja moja.

Kwanza, wanasema soko na kampuni kubwa ndizo zinazotuonyesha prosesa itakayodumu. Hofu yao ni ya haki. Hakuna apendaye kuhangaikia mashine inayokufa. Lakini prosesa ya Itanium iliingia sokoni 2001 ikibebwa na Intel na HP, na Januari 2024 Linux 6.7 ilitoka ikiwa imeifuta. Familia ya prosesa za Motorola 68000, iliyoanza 1979 na kuachwa na Apple tangu miaka ya 1990, ingali ndani ya Linux. Hiyo ina watu wa kuitunza. Itanium ilikosa mtunzaji. Soko halikuokoa kitu.

Pili, wanasema prosesa yenye watumiaji wachache huwaongezea wote kazi bila faida. Kazi ipo, sikatai. Faida ndiyo waliyoiruka. Chukueni namba 1 iliyohifadhiwa katika baiti nne. Kwenye x86 baiti ya kwanza ni 1. Kwenye s390x ya IBM ni 0. Mwandishi wa programu akikosea akasoma baiti hiyo moja tu, x86 itampa jibu sahihi, na kosa litajificha mpaka namba ipite 255. s390x itamuumbua siku ileile. Ndiyo maana Microsoft, waliotajirika kwa x86, waliianza Windows NT kwenye prosesa ya i860 kisha ya MIPS: hawakutaka mazoea ya x86 yajipenyeze humo.

Tatu, wanasema RISC-V ni rahisi kwa sababu amri zake ziko wazi kwa wote. Uwazi huo ni wa kweli, na una thamani. Lakini unaeleza amri za prosesa tu. Hauelezi kadi ya mtandao ya bodi fulani inavyowashwa. Bila nyaraka za bodi, utabaki kubahatisha. Isitoshe, kompyuta za mezani za RISC-V ni chache mno mbele ya x86. Ikiwa uchache ni kosa, RISC-V nayo ianguke. Ikiwa si kosa, nguzo yao ya pili imeanguka. Hawawezi kushika zote mbili.

Basi tuulize yanayopimika: nani ataitunza, je, mashine anayo mkononi, na nyaraka zake zinapatikana? Prosesa yenye majibu matatu mazuri ndiyo ya kuhamia, hata kama madukani haipo.