Kushinda si ushahidi

Mnaosema mechi haikuuzwa kwa sababu timu ilishinda, futiboli ya Kimarekani ya vyuo haibetiwi kwa ushindi tu. Watu wanabetia pia tofauti ya pointi. Timu ikitarajiwa kushinda kwa 14 ikashinda kwa 10, chuo kinashangilia na aliyebeti upande wa pili anavuna. Mwaka 1994 mchezaji wa Chuo Kikuu cha Northwestern aliachia mpira hatua moja tu kutoka mstari wa goli la wapinzani wao, Iowa. Baadaye akakiri alifanya makusudi, maana alikuwa ameweka dau dhidi ya timu yake mwenyewe. Siku ile nani angejua? Mpira unadondoka kila wiki jamani. Marudio ya video hayasaidii kitu, maana hayaonyeshi nia. Mimi ningeuliza hela ya kubeti iliyomiminika ghafla kwenye kimechi kisicho na mvuto ilitoka kwa nani.