Mvivu Aliyelimia Wengine

Ipo dhana moja ambayo, kwa kurudiwa mno, imekwisha kupata heshima ya hekima katika nchi yetu: kwamba mkulima akipewa auni na serikali wakati wa ukame atazoea kukinga mkono, atalitupa jembe, na mwisho wake ataketi chini ya mbuyu kungoja lori la mahindi. Dhana hii haisemwi na watu waovu. Husemwa barazani na ofisini na watu wema waliokwisha kula wakashiba, na aghalabu hufungwa kwa kauli ile ipendwayo, kwamba serikali haina shamba. Nami naikataa, si kwa kuwa huruma imenizidi, bali kwa kuwa haikubaliani na yale ambayo macho huyaona huko ambako ukame wenyewe hutokea.

Serikali haina shamba, nakiri. Lakini njia ya kwendea shambani haijapata kuisahau. Ugogoni, yaani pande za Dodoma, katika Vita vya Kwanza vya Dunia, majeshi ya Wajerumani, na baada yao ya Waingereza, yalichukua nafaka, yakachukua ng'ombe, yakachukua na vijana wa kubeba mizigo, hata mvua zilipokosekana ghala zilikuwa zimekwisha kukombwa na mikono ya watu kabla jua halijafanya kazi yake. Njaa ile wenyeji waliiita Mtunya, na wanahistoria wamekadiria kwamba kati ya mwaka 1917 na 1920 iliua watu wapatao 30,000 katika watu 150,000. Siku zile za kuchukua, hapana aliyekumbuka kwamba serikali haina shamba. Na katika zama zetu hizi, mwaka 2011, mahindi yalipokuwa na bei nzuri ng'ambo, yalipigwa marufuku kuvuka mpaka ili chakula kisitoke nchini, na mkulima akatakiwa astahimili kwa maslahi ya taifa. Mtu anayedaiwa uzalendo katika mwaka wa neema haombi sadaka anapodai hesabu yake katika mwaka wa dhiki.

Lakini tuje kwenye huo uvivu. Dodoma mvua ni ya msimu mmoja, huanza kiasi cha Desemba ikaisha Aprili, na ikikosekana hakuna vuli ya kuponea. Kwanza huuzwa kuku, kisha mbuzi, na mwisho maksai wa kukokota plau. Mnadani, mbuzi ambaye mwaka jana angalinunua gunia, leo hununua madebe mawili, maana wote wamekuja kuuza siku moja, na dalali humbonyeza mnyama mbavu akataja bei bila ya kumtazama mwenyewe usoni. Baada ya mifugo hufuata mbegu. Mama mmoja alinisimulia kwamba mbegu yake ilikuwa juu ya dari ya jiko, imekuwa nyeusi kwa moshi ili fukusi wasiiguse, akaiteremsha na kuitwanga usiku wa manane, polepole, jirani asije akasikia mchi.

Kisha mvua hunyesha! Na hapo, msomaji, ndipo penye fumbo lote. Mtu huyu hana unga wa leo. Basi alfajiri hutoka na jembe lake begani kwenda kulima kibarua katika shamba la mwenye nacho, katika zile zile siku chache ambazo ardhi yake yeye inataka kupandwa, na baadaye inataka kupaliliwa, na jioni hurudi na unga wa chakula cha siku moja. Kesho vivyo hivyo. Mwezi ukiisha, magugu yameupita mtama wake, na bwana mmoja apitaye kwa gari hutazama dirishani akasema, "Oneni uvivu huu." Hajui kwamba mwenye shamba lile amelima kuliko mtu yeyote katika kijiji kile, ila amelima kwa wengine. Lau angalipata madebe matatu ya mahindi mwezi wa Januari, angalipalilia kwake.

Mfuko wa Maendeleo ya Jamii, TASAF, ulipoanza mwaka 2010 kuzipa kaya maskini fedha taslimu kwa majaribio katika wilaya za Bagamoyo, Kibaha na Chamwino, tena Chamwino iko huko huko Ugogoni, waliopima matokeo walikuta kwamba kaya zile zilinunua kuku na mbuzi, na zilijiunga zaidi na mfuko wa afya ya jamii. Mvivu gani huyu, anayepewa fedha akajitafutia mbuzi wa kuchunga? Na anayesema tuliachie soko, aende Ukambani, nchini Kenya, akaulize maana ya Nikw'a Ngwete, jina la njaa ya miaka ya 1980: nafa hali nimeshika, yaani fedha zi mkononi, na dukani hamna kitu.

Nitawapa wapinzani wangu jambo moja. Msaada unaofika wakati mahindi mabichi yamekwisha kuanza kuchomwa huharibu bei, na huleta fitina vijijini. Ni kweli, lakini taksiri hiyo ni ya aliyechelewa, si ya aliyengoja. Tunao Wakala wa Taifa wa Hifadhi ya Chakula tangu mwaka 2008, na ghala zipo, mojawapo Dodoma kwenyewe. Kinachotuchelewesha ni desturi yetu ya kutaka njaa ithibitishwe kwanza, tathmini juu ya tathmini, mpaka mtu avuliwe kila alicho nacho ndipo astahili.

Nilikuwapo katika kijiji kimoja lori lilipofika. Ulikuwa mwezi wa Mei. Karani alisoma majina, akafika kwa mzee mmoja mrefu mwenye koti lililochanika kwapani, akamuuliza kama ana mifugo. "Sina, mwanangu," akajibu, na jina lake likatiwa alama, akapewa fungu lake. Mwezi wa Januari jina hilo hilo lilikuwa limekatwa, kwa sababu alikuwa na maksai wawili.