Inzi wa Yaeda Chini si inzi wa Mbulu juu

Anayeshuka kutoka Mbulu mjini kwenda Yaeda Chini hubadili hali ya hewa bila kutoka nje ya wilaya. Juu, kwenye zaidi ya mita 1,700 kutoka usawa wa bahari, kuna baridi na ukungu. Chini, kuelekea Ziwa Eyasi, mibuyu imetawala, mvua ni haba na kiangazi ni kirefu. Kwa inzi wa matunda tofauti hiyo ni suala la kufa na kupona, kwa kuwa mwili mdogo hukauka upesi.

Wanasayansi wamelichunguza jambo hili zaidi kwa wale inzi wadogo wanaozunguka ndizi zilizoiva kupita kiasi. Katika Afrika kusini mwa Sahara, Uganda ikiwamo, inzi wa maeneo ya juu wamekutwa na tumbo jeusi kuliko wa nyanda za chini, na weusi huo ni wa kurithi. Unahusishwa na kupata joto kwenye baridi na kujikinga na mionzi mikali ya jua. Huko India, weusi wameonekana kustahimili ukame zaidi. Hata hivyo, ngao kubwa ya inzi dhidi ya kukauka ni utando mwembamba wa nta juu ya gamba lake, na utando huo hauonekani kwa macho.

Kwa hiyo anayemtambua mdudu kwa rangi peke yake anaweza kupotea, na wamepotea hata mabingwa. Inzi mharibifu wa maembe aliyetoka Asia aligunduliwa Kenya na Tanzania mwaka 2003. Mgongo wake huweza kuwa wa kahawia au mweusi kabisa. Mwaka 2005 alipewa jina jipya, Bactrocera invadens, na ilichukua hadi 2015 kukubaliana kwamba ni yule yule Bactrocera dorsalis wa Asia. Wakati majina yakijadiliwa, masoko hayakusubiri. Mwaka 2007 Afrika Kusini ilizuia maparachichi ya Kenya kwa sababu ya inzi huyo.

Somo lililo karibu zaidi na Mbulu linatoka Morogoro. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo (SUA) na wenzao walitega mitego kwenye miteremko ya Uluguru, wakakuta mgeni huyo ametawala maeneo ya chini na kupungua sana kadiri mlima unavyopanda. Kwenye baridi wapo zaidi inzi wa kundi la Ceratitis rosa. Mwaka 2016 kundi hilo nalo liligawanywa kuwa aina mbili, na mmojawapo, Ceratitis quilicii, ndiye anayestahimili baridi.

Hapo ndipo fedha ya mkulima inapoweza kupotea. Chambo cha mithaili yujenoli, kinachosifiwa sana kwa maembe, huvuta madume wa yule mgeni wa Asia lakini hakimvuti Ceratitis rosa. Mkulima wa juu aliyetundika chambo hicho peke yake ataona mtego mtupu, atajiona salama, kisha atapasua tunda na kukuta funza. Ushauri uliofaa bondeni umemponza mlimani.

Yaeda Chini kuna jambo jingine. Mng'ong'o, mti wa porini ambao matunda yake huliwa na Wahadzabe, huhifadhi inzi hawa pia. Ni rahisi kwa mpanga mipango ofisini kusema ukatwe ili bustani zipone. Huo utakuwa uonevu, kwani mti ni chakula cha watu waliokuwapo kabla ya bustani, na inzi akikosa tunda moja huhamia jingine. Afadhali kuanzia bustanini. Matunda yaliyoanguka yaokotwe kila siku, yafukiwe kwenye shimo refu au yafungwe kwenye mifuko ya plastiki na kuachwa juani. Funza hutoka kwenye tunda na kujichimbia ardhini ili ageuke inzi, na udongo wenye unyevu chini ya mti unaomwagiliwa humfaa kuliko ardhi iliyokauka. Anayemwagilia na kuacha maembe yakioza chini anamfuga adui katikati ya kiangazi.

Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu Tanzania (TPHPA), pamoja na halmashauri za Mbulu na Hanang, hazina sababu ya kusubiri hasara. Kabla ya kugawa miche ya matunda, mitego itundikwe bondeni, kwenye mteremko na mlimani, kila mahali ikiwa na chambo cha aina zote mbili, na inzi wahesabiwe kila wiki kwa mwaka mzima, masika na kiangazi. Vifaa vyake ni chupa za plastiki, pamba, chambo na dawa kidogo. Kilicho ghali ni pikipiki na mafuta ya ofisa ugani, na hayo yaingizwe kwenye bajeti ya miche yenyewe.