Kete na Kura

Wako wasemao kwamba nadharia ya michezo na elimu ya takwimu ni mali ya wageni, haimfai mwanafunzi wa siasa wa Tanga. Wamekosa. Mcheza bao wa Ngamiani hatii kete kabla ya kupima jibu la mwenziwe. Mwezi wa Januari 1958, mjini Tabora, TANU ilipima vivyo hivyo: kususia uchaguzi wa kura tatu ni kuwaachia UTP baraza, kuukubali ni kuamua hata viti vya Wazungu na Waasia. Iliukubali, ikashinda. Lakini hesabu nayo isijivune: mkata mkonge wa Muheza asiye na pato la paundi 150 kwa mwaka, wala elimu ya darasa la nane, wala cheo, hakuandikwa mpiga kura. Yafaa mwanafunzi ajue kuhesabu. Yafaa zaidi aulize nani hakuhesabiwa.